Vyungu Vinne vya Jabari

"Mama Jabari, bangi ikiuzwa dukani kama bia, hawa watu si wataacha kuuana?"

François, jirani Mkongo, alimuuliza Hedwiga swali hilo mwaka jana, siku maiti ya muuzaji mmoja wa bangi iliposhinda juani mbele ya saluni, hapo mtaani Turffontein. Hedwiga alikuwa akianika mashuka.

"Shetani hapewi leseni, baba."

"Mwenye duka la bia akiibiwa wateja anakwenda mahakamani. Hawa waende kwa nani?"

Hedwiga alibana kibanio cha mwisho, akaingia ndani.

Mwanawe Jabari, fundi umeme wa miaka thelathini, alikuwa na vyungu vinne vya bangi uani. Sheria ya huko inamruhusu mtu mzima kupanda yake na kuvuta kwake; kuuza ndiyo kosa. Jabari hakuuza. Aliwagawia marafiki bure, na hiyo bure ndiyo iliyomchoma Naseeb, aliyeuza bangi mtaa mzima.

Jumamosi moja alasiri, Hedwiga na kina mama wa jumuiya walikuwa wamefika fumbo la tatu la rozari, Naseeb akaingia na wenzake wawili bila hodi. Wakamburuta Jabari kutoka jikoni, wakambana mkono wa kulia juu ya meza, kando ya mshumaa wa Bikira.

"Endeleeni kusali, mama zangu," Naseeb alisema. "Sisi hatukai."

Nyundo ilishuka mara tatu. Mara mbili Jabari alipiga yowe. Ya tatu ilisikika mifupa tu. Hedwiga alimrukia Naseeb akamng'ata bega hadi damu, naye akamtwanga kitako cha bastola mdomoni. Meno mawili yakaangukia kitambaa cheupe.

"Nilimwambia asigawe," Naseeb alisema, akatoka na wenzake.

Askari waliofika waliuliza habari za bangi kwanza, za mkono baadaye. Walipoondoka Hedwiga aling'oa ile miche yote, akaichoma.

Wiki ya tatu plasta ilitolewa mkononi. Jabari alijaribu kushika bisibisi, ikaanguka. Akajaribu tena. Kisha akachukua panga nyuma ya mlango, kwa mkono wa kushoto.

"Keti, mwanangu. Miche nimeshaichoma, hakuna cha kugombea tena."

"Na mkono?"

"Ingekuwa biashara ya dukani, Naseeb angekushtaki tu," Hedwiga alisema, akashtuka kujisikia akisema ya François. Akamshika shati. "Baba yako nimeshamzika. Usinipe jeneza jingine."

Jabari alibandua vidole vya mama yake kimoja kimoja, taratibu, akatoka na panga.