Vikombe Tisa vya Alhamisi

Hivi wewe, umewahi kupanga vikombe tisa mezani huku ukijua fika utakunywa peke yako? Wietske alivipanga kila Alhamisi, katika zizi lililogeuzwa karakana, huko Friesland, Uholanzi.

Chama cha kupeleka cherehani Afrika kilizaliwa humo humo. Wifi yake, muuguzi, aliandika kutoka Zambia: kina mama wa huku vitambaa wanavyo, cherehani hawana. Wietske akaiviringisha yake kwenye blanketi, mumewe Hielke akaipeleka bandarini. Majirani waliposikia wakaleta zao, mpaka Hielke akauza ng'ombe kupata nafasi. Kila Alhamisi watu tisa walisugua kutu na kutia mafuta. Mashine ikipona, aliyeiponya alishona kitambaa kidogo, akaandika jina lake, akakiacha chini ya sindano isafiri nacho.

Siku hizi ofisi ya chama iko mjini Utrecht. Wale wenzake wako makaburini, Hielke akiwemo, au nyumba za wazee, na kila kitambaa kina jina moja tu: Wietske.

Alhamisi hiyo alikuja Jorrit wa ofisini, mtu mzima mwenye mvi. Akajigonga kichwa mlangoni.

"Pole! Mlango huo ulipimiwa ng'ombe."

"Basi mimi fahali, bibi."

Wietske akacheka, akamimina kahawa, akampa biskuti moja, akafunika kopo, kama ifanywavyo kwao: mgeni ni biskuti moja tu.

"Bibi Wietske," Jorrit alisema, "sasa tunanunua cherehani huko huko Zambia. Mafundi wao ni hodari kutushinda."

"Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa."

"Kwa hiyo hapa tunafunga mwisho wa mwezi. Lakini tukufanyie nini? Sema chochote. Tutundike picha yako ofisini?"

"Ili iwafukuze wageni? Sitaki kitu, mwanangu."

Jorrit akamaliza kahawa, akavaa koti. Wietske akavitazama vile vikombe saba vikavu. Akalivuta kopo, akalifunua tena. Kwao hakuna anayefanya hivyo.

"Chukua ya pili."

Jorrit akalitazama kopo, akamtazama yeye. Akaketi tena, koti likiwa mwilini.

"Cherehani chukueni zote," Wietske alisema. "Miaka yote nasema nataka zifike. Kweli nilitaka. Lakini tangu Hielke aondoke, Jorrit, ninachotaka ni mtu aje Alhamisi."