Wimbi Jengine Limetoka Senegali

Tangu mwanangu Hisham ahamie Florida, mimi nimekuwa mtabiri wa hali ya hewa. Nyumba hii ya mtaa wa Khuwair ya Kusini haina mtu mwengine wa kunisemesha, basi nafungua ramani kwenye simu na kuitazama pwani ya Senegali. Huko ndiko yanakotoka mawimbi. Si ya maji, ni mikanda ya mawingu na upepo inayotoka bara la Afrika na kushika njia ya Marekani. Mengi hufia njiani. Machache hugeuka vimbunga, na vimbunga vinaipenda Florida kama nzi na halwa.

Mwaka huu Hisham alitamka kwa kinywa chake: "Mama, wakituhamisha tena kwa kimbunga, siendi hotelini. Nnapanda ndege nnakuja kwako."

Hajaja tangu tulipomzika baba yake. Maneno yale niliyashika.

Mwezi wa Agosti likatoka wimbi nene, lenye afya zake. Likavuka nusu ya bahari, likaanza kujizungusha. Nikatandika kitanda chake. Nikanunua muhogo na papa, maana huko anakula mikate tu.

Alasiri wifi yangu Ghaliya akaingia na birika la kahawa na mashoga zake nyuma.

"Wifi, nnasikia kimbunga kinamwendea mtoto. Tumsomee Ya Latif."

Utakataaje? Tukakaa chini, tukasoma. Ghaliya akainua mikono, akamwomba Mwenyezi Mungu akivunje kimbunga kile baharini, kisifike. Wote wakaitikia amin kwa sauti. Mimi nikakohoa. Mungu anajua namtakia mwanangu salama, lakini nilikuwa namtaka pale mlangoni, na sanduku lake mkononi.

Asubuhi yake wimbi lilikuwa limelegea, vipande vya mawingu tu. Nikamkasirikia Ghaliya mpaka kahawa yake aliyoiacha nikaimwaga.

Jioni Hisham akapiga simu.

"Mama! Limekufa! Dua zako hizo. Kila mtu hapa nnamwambia, mama yangu hachoki kutuombea."

"Kwa hivyo huji?"

Akacheka. "Nije nnakimbia nini tena, mama?"

Nilitaka kumwambia aje bila ya kukimbia kitu, aje kwa sababu nimechoka kula peke yangu. Nikasema alhamdulillahi, nikamuuliza habari za kazi. Akasema watu wanamngoja mkutanoni, akakata.

Muhogo nikaula mwenyewe. Kitanda sijakitandua.

Leo nimefungua ramani, na wimbi jengine limetoka Senegali. Dogo bado. Ghaliya naye ameliona, siku hizi kila mtu ana simu, akapiga kuuliza aje lini na wenziwe tusome.

Nimemwambia asije, nnaumwa koo.