Mota ya Kaltuma

Wageni wa Kaltuma walikuwa wamekwisha kaa mkekani, kahawa imemiminwa, na Bi Kibibi, aliyeongoza kundi lao la kuimba harusini, ametoa buibui kichwani ili asikie vizuri. Wamekuja kujifunza nyimbo mpya za harusi ya Jumamosi. Kaltuma alizirekodi mwenyewe Mambrui, kwa redio kaseti aliyoletewa na dada yake kutoka Jeddah. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Labda mawe ya betri yamekwisha," akasema Bi Kibibi.

Mawe yalikuwa mapya. Kaltuma akaigeuza redio, na kifuniko cha nyuma kikamwangukia mkononi, hakina hata parafujo moja. Ndani, pale palipokuwa na mota ya kuzungushia kaseti, palikuwa na shimo na nyaya zilizokatwa.

Hakuhitaji kuuliza nani.

Mumewe, Abdillahi, alikuwa uani, ameinamia birika la saruji la maji ya kutawadha. Kazi yake ilikuwa kuchonga boti ndogo za mapambo za kuwauzia watalii. Safari hii meneja wa hoteli moja ya ufukweni, Mwitaliano, alitaka boti ya kwenda yenyewe, ya kuwafurahisha wageni wake kwenye bwawa la kuogelea. Boti yenyewe ilikuwa nzuri. Kaltuma aliisifu tangu ilipokuwa gogo la mkilifi. Sasa ilikuwa ikielea birikani, rafadha yake ikijizungusha kivivu nyuma. Ikasogea kidogo, ikasimama.

"Abdillahi."

"Ngoja kwanza," akasema bila ya kugeuka. "Hii mota yako haina nguvu. Takataka tupu."

Damu ilimpanda Kaltuma mpaka masikioni.

"Waniibia, kisha wanitukania kitu changu?"

"Nimekuibia vipi? Kitu kimo nyumbani mwangu."

Ni maneno yale yale kila mara. Mkasi wake wa kukatia kanzu za watu ulikatia bati, ukawa butu; akanyamaza. Kanga yake, hata maji haijaonja, ikapasuliwa tanga la mashua ya mzungu, akanyamaza. Lakini leo palikuwa na watu sebuleni, na sauti ya mumewe iliwafikia.

Kaltuma akatia mkono birikani, akaitoa boti inachuruzika, akaikumbatia kifuani. Sebuleni akasema, "Niwieni radhi, mabibi," akajitupia buibui, akakwapua redio, akatoka. Abdillahi akamfuata njia nzima hadi sokoni, akimsihi apunguze sauti.

Fundi wa redio pale sokoni alikuwa Njoroge, mtu wa bara aliyekaa Malindi hata akasahau baridi. Aliichomoa ile mota kwenye boti, akaitikisa sikioni.

"Imeingia maji, mama. Nitaikausha na kuirudisha, lakini siwezi kukuahidi."

"Irudishe hivyo hivyo. Na huyu bwana mpe achague yake. Nataka kuona."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Abdillahi, uso umemwiva, akapekua sanduku la vyuma vikuukuu, akaibuka na mota nzito ya waipa, kifuta kioo cha lori.

"Hii ndiyo mota," akasema.

Njoroge akaleta karai la maji. Walipoipakia tu, boti ikakaa matako, maji yakaingia kwa nyuma, ikazama. Mtu akacheka. Abdillahi akaiopoa haraka, akaokota kimota cha mwanasesere. Hicho kililia kama mbu. Rafadha ikapiga povu jeupe, na boti ikatetemeka pale pale ilipo.

"Umeona mbio zake?"

"Mbio za kwenda wapi?" akauliza Kaltuma.

Miaka yote ile amekalia cherehani, akikanyaga na kutazama gurudumu kubwa la chini likizungusha dogo la juu, sindano ikaruka. Akamgeukia Njoroge.

"Kwenye cherehani, kubwa huzungusha dogo, ndiyo mbio zikaja. Mimi nataka kinyume. Dogo lizungushe kubwa, mbio zipungue, nguvu iongezeke. Huna mota ya kadiri, yenye magurudumu ya meno?"

Njoroge akafikiri, akaingia chini ya meza, akatoka na lori la kuchezea la watoto wa kizungu. Matairi hayapo, lakini mota na meno yake ni mazima. Wakaifunga.

"Mawe yaweke katikati," Kaltuma akasema, "usiyarundike nyuma kama alivyofanya huyu."

Boti ikavuka karai moja kwa moja, bila ya kelele, ikagonga ukingo wa pili. Watu wakapiga makofi. Kaltuma hakutabasamu.

Redio ilirudi baada ya harusi kupita, nayo haikuwa ile tena: waimbaji wanawake walitoka na sauti za wanaume waliolala nusu. Na harusini kwenyewe kundi la Bi Kibibi lilipotea katikati ya wimbo, upande wa bwana harusi ukafinyana. Kaltuma alirudi nyumbani na kichwa kinauma.

Wiki ile ile Chiku, jirani aliyefua mashuka ya hoteli, akapita barazani.

"Hongera. Boti ya mumeo imewapendeza Wataliano. Kawaeleza alivyohangaika na mota, akijaribu hii na hii, mpaka akili yake ikampa ile ya meno."

"Akili yake?"

"Ndivyo alivyosema."

Jioni Abdillahi akaingia anacheka. Meneja anataka nyingine, kubwa zaidi. "Kesho twende kwa Njoroge ukanichagulie mota."

"Wakati ulipokuwa ukijisifu kwa meneja, jina langu lilikutoka?"

Abdillahi akatazama viatu vyake. "Wazungu hawataki maneno mengi."

"Yako waliyataka."

"Hasira zote hizi, Kaltuma, kwa kimota cha ukubwa wa kidole gumba?"

"Kingekuwa punje ya mtama ningekasirika vile vile! Umefungua changu bila ya kuniuliza. Umenivunjia heshima mbele ya wageni wangu. Kisha ukaenda kuuza akili yangu kwa jina lako. Nenda kachague mwenyewe."

Boti kubwa ilikaa uani bila ya mota, imefunikwa gunia. Kaltuma alipika, akapakua, akaandaa. Neno la ziada hakumpa. Ijumaa, baada ya swala, Abdillahi akaja na kufuli jipya na keekee. Bila ya kuambiwa akatoboa kabati la mkewe, jasho likimtiririka, akapigilia pete za chuma, akalifunga.

"Nimemwambia meneja," akasema, bado amelielekea kabati. "Kwamba mota ulichagua wewe. Chiku alikuwapo."

"Nitamuuliza Chiku."

Akanyoosha mkono. Abdillahi akampa ufunguo. Kaltuma hakuushusha mkono. Mumewe akamtazama usoni, akatia vidole katika mfuko wa kanzu, akautoa ule wa pili.