Moto Hauna Mkwe

Atuganile hakuwa mwoga wa moto. Hilo tuliseme mapema, maana mtaa mzima wa Bulyaga ulikuwa umeshasema yake kuhusu mwanamke anayesimama kwenye tanuri la kuyeyusha chuma, na mengi yalikuwa upuuzi mtupu. Yeye alimwogopa mzee mmoja mfupi, mpole, mwenye kikohozi cha moshi, ambaye hakuwahi kumkaripia hata siku moja. Mzee huyo ni Anyosisye, baba mkwe wake.

Wala hakumwogopa kwa ubaya. Kwa Wanyakyusa walioshika mila, mkamwana humcha baba mkwe: hamtazami usoni, hampi mkono, hali naye, wala jina lake halimtoki kinywani hata akikanyaga mwiba. Vijana wa Tukuyu mjini siku hizi wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, na dunia haijapasuka. Lakini Atuganile aliolewa Ibighi, katika nyumba ya mama mkwe wake, Mama Esnath, na humo ndani mila haikuwa jambo la kuchezea. Lutufyo, mumewe, alipofariki, ndugu walianza kunong'ona kwamba mjane bado kijana, arudi kwao Masoko. Esnath aliwanyamazisha. "Huyu ana adabu," alisema. "Haendi popote." Tangu siku hiyo Atuganile alijua kinachomweka pale yeye na wanawe ni adabu hiyo, basi.

Balaa ni kwamba mkwe aliyepaswa kumkwepa ndiye aliyefanya naye kazi.

Karakana yao iliyeyusha chuma chakavu na kumimina vipuri vya mashine za viwanda vya chai. Lutufyo alikuwa fundi hapo. Alipokufa, mzee alimwomba mwenye karakana nafasi ile apewe mkamwana, wajukuu wasilale njaa. Na ni yeye aliyemfundisha, ingawa ukimwuliza atakataa. Alikuwa akisimama kumpa mgongo na kuuambia ukuta: "Ukuta, sikia. Chuma kilichonyeshewa hakiingii kwenye chungu cha kuyeyushia mpaka kikaushwe. Maji yakikutana na chuma kilichoyeyuka hayachemki kama ya chai. Yanalipuka, na chuma kinaruka nayo." Ukuta ule ulisoma kuliko kuta zote za Rungwe. Atuganile naye, aliyekuwa anafagia huku ameinama, akatoka fundi.

Jairo, aliyekuwa akibeba ndoo na mzee, alipokimbilia machimbo ya dhahabu ya Chunya, ndoo ya kumiminia ikakosa mtu wa pili. Ndoo hiyo huning'inia katikati ya nondo ndefu. Mmoja hutangulia, mwingine hufuata nyuma, na wa nyuma ndiye anayeiona ndoo, mwenzake na njia anayoikanyaga. Kwa hiyo wa nyuma ndiye mwenye sauti: twende, taratibu, simama, mimina. Mzee akashika mbele, Atuganile akashika nyuma. Na kwa kuwa mkamwana hawezi kumwamuru mkwe, wakamweka kati Danieli, fundi wa kalibu za mchanga ambamo chuma humiminwa.

"Danieli, waambie twende," Atuganile husema, shingo ameipinda pembeni.

"Mzee, twende," Danieli husema.

Mambo yakaenda hivyo msimu mzima bila ajali, nao wakajiona wamepata dawa.

Ndipo viwanda vya chai vikaleta sharti. Havitanunua tena vipuri kwa karakana ambayo watu wake wa tanuri hawajapimwa kama wanaweza kazi hiyo kwa usalama. Abrahamu, mwenye karakana, akawaita na kuwaeleza huku anatazama viatu vyake. "Asiyefaulu simfukuzi," alisema. "Ila tanurini hasogei. Na kazi nyingine sina."

Mpimaji alitoka Mbeya. Walimtarajia mwanaume mwenye miwani, akashuka mama mmoja mnene aliyevaa buti, jina lake Happyness. Alipita kimya akikagua feni inayopuliza moto. Akakigusa chuma chakavu kwa mgongo wa kiganja kuona kama ni kikavu, akamrudisha Danieli akafunge vizuri aproni yake ya ngozi. Hakuwa mtu wa kudanganywa na chai ya maziwa.

Maswali yake Atuganile aliyajibu yote bila kigugumizi. Moto ukizidi unafanya nini, chungu kikipasuka unakimbilia wapi, chuma chenye unyevu unakifanyaje.

"Nani kakufundisha haya?" Happyness akauliza, ameridhika.

"Ukuta," alisema Atuganile, na Danieli akaangua kicheko.

Ikaja zamu ya ndoo. Chuma kilikuwa tayari, chekundu kikienda kwenye weupe. Mzee alishika mbele, Atuganile nyuma, ngao za uso zimeshushwa. "Danieli, waambie twende," alisema.

Happyness akainua mkono. "Wekeni chini. Ndoo hii inabebwa na watu wawili. Mbona inaongelewa na watu watatu?"

Danieli akatolewa nje. Wakashika tena. Mzee alisubiri sauti, mgongo umenyooka. Atuganile alifungua mdomo, akageukia dirishani, na sauti ikagoma kutoka kama punda aliyeona mto. Chuma kikaanza kupoa. Mwishowe ikabidi kirudishwe chunguni.

"Bado," alisema Happyness.

Akamvuta kando, penye bomba la maji. "Ni mkwe wako?"

"Ndiyo, mama."

"Nilijua. Mimi nimeolewa Masoko. Nikienda kusalimia nazunguka kwenye migomba kama mwizi wa kuku, nisikutane na baba mwenye nyumba. Injinia mzima!" Akacheka, na Atuganile akacheka kidogo pia.

"Basi mama, unanielewa."

"Nakuelewa, na ndiyo maana siwezi kukupitisha. Nikikupitisha kwa huruma nitakuwa nimewazika wote wawili. Moto hauna mkwe, mwanangu. Kuleni, kisha nitawapima mara moja tu tena."

Atuganile hakula. Ndizi zilipoa kwenye sahani huku yeye akiwaza ada ya shule, halafu uso wa Mama Esnath, kisha ada tena. Mzee alikwenda kusimama karibu na injini mbovu ya lori iliyokuwa inasubiri kuyeyushwa, akampa mgongo.

"Injini, sikia," alisema. "Kazini hakuna baba mkwe. Mtu aseme tu simama, nitasimama."

Injini ilisikia, na Atuganile alisikia, machozi yakamlenga. Mzee alikuwa amemfungulia mlango wake. Lakini ule wa nyumbani ufunguo wake anao Mama Esnath, na Mama Esnath hakuwepo.

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Walipokuwa wanarudi kwenye tanuri ilikuwa imeshamwagika juu ya mabati, na pamoja na feni, karakana ikawa kelele tupu. Wakainua ndoo.

"Jamani, twende," alisema Atuganile, akiiambia hewa.

Mzee akahisi nondo ikisukumwa, akapiga hatua. Happyness alikunja uso, akawaacha waendelee. Safari hii Atuganile alijilazimisha kutazama, ila alitazama buti za mzee tu, akijidanganya kwamba buti si uso wa mtu. Ndiyo maana aliyaona maji. Yalikuwa yamepenya chini ya mlango na kutuama pale pale penye njia, karibu na kalibu, na mzee alikuwa anayaendea moja kwa moja. Tone moja tu la ndoo lingetosha kuwamaliza.

"Jamani, kuna maji!"

Mzee hakusita. Katika kelele ile sikio lake lilizoea kungoja sauti ya Danieli, na Danieli alikuwa nje.

"Jamani, simameni!"

Jamani hao hawakuwepo. Buti la kulia likainuka.

"Anyosisye! Simama!"

Dirishani Danieli alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee aliganda, mguu mmoja hewani. Kisha akaurudisha nyuma polepole, akaukanyagisha pakavu.

"Kushoto," alisema Atuganile, na sauti sasa ilikuwa yake. "Hapo hapo. Taratibu. Mimina."

Chuma kikaingia kwenye kalibu kimya kimya.

Happyness alivua ngao. "Umeweza," alimwambia Atuganile. Halafu akainama, akayatazama yale maji, na kumgeukia mzee. "Baba, maji haya uliyaona?"

Mzee akakohoa.

Happyness akaokota kitu mezani, akakiinua. "Hiki nilichoshika ni nini?"

"Nyundo," alisema mzee.

Lilikuwa koleo. Mafundi wengine waliokuwa wakiangalia wakatazama chini, wote, hata Danieli mwenye maneno pale dirishani. Miaka ya kuukodolea moto macho ilikuwa imekula macho yenyewe, na mzee alikuwa akiificha aibu hiyo kwa kuijua karakana hatua kwa hatua.

"Tangu lini, baba?" Happyness aliuliza, kwa upole kabisa.

"Siku nyingi, mwanangu."

"Tanurini hutarudi mpaka daktari wa macho aseme. Nisamehe."

"Ndaga," alisema mzee, kama anavyomshukuru mtu aliyempisha njia. Akavua glavu, akaziweka mezani moja juu ya nyingine, akatoka nje kwenye mvua.

Atuganile alifaulu, na hakuwa na furaha hata chembe. Aliona kwamba kwa siku moja amemvunjia mzee heshima na kumnyang'anya kazi, tena kwa mdomo ule ule. Njia nzima ya kwenda Ibighi alikuwa anapanga nguo za watoto kichwani, ipi iingie kwenye begi gani.

Habari ilitangulia kufika. Mdomo wa Danieli una miguu. Mama Esnath alikuwa jikoni anamenya ndizi, na salamu hakuitikia.

"Umemwita mume wangu jina."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sauti. Mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

Kisu kikaendelea kumenya. Atuganile alisimama pale, akisubiri neno la kumwondoa, na badala yake akasikia mlango. Mzee aliingia, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga jiko mkamwana akiwamo. Atuganile akageukia ukuta haraka.

"Ukuta," mzee alianza, kwa mazoea. "Hapana. Ukuta nao umechoka. Atuganile, geuka."

Aligeuka, macho ameyashusha.

"Kijana wetu alipokufa, watu waliendelea kuniita Baba Lutufyo," alisema mzee. "Kila wakiniita hivyo namzika upya. Karakana nzima inaniita Mzee, na wazee ni wengi. Leo nimesikia jina alilonipa mama yangu, nikasimama kabla sijajua kwa nini nasimama." Akamgeukia mkewe, au pale alipodhani mkewe yupo. "Na wewe sikia. Msimu mzima nimebeba moto. Mbele nilikuwa mimi, nisiyeona. Nyuma alikuwa huyu, asiyetazama. Kyala, Mungu wetu, peke yake ndiye aliyekuwa kazini!"

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Mama Esnath hakucheka. Kisu kilikuwa kimeanguka mapajani, naye alikuwa anamtazama mumewe kama mtu anayesoma barua ya zamani. Vikombe vilivyokuwa vikimponyoka, chai iliyomwagwa mezani, Biblia isiyofunguliwa siku hizi: alikuwa amemgombeza kwa hayo yote, na sasa yalimrudi yeye. Akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Ulikuwa unaniambia umechoka tu," alisema.

"Nilikuwa nimechoka pia."

Mvua ilikuwa imepungua, maji yakidondoka kwenye majani ya migomba.

"Hapa atakanyaga jiko aungue," Mama Esnath alisema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Na miye magoti yangu mnayajua. Nani atampeleka akakae sebuleni? Nani atampeleka hospitali kesho?" Akaokota kisu na ndizi nyingine. "Atuganile, umesimama nini? Mshike baba yako mkono."

Hakuwahi kuugusa mkono ule. Ulikuwa mgumu kama glavu. Wakafika mlangoni, yeye pembeni, mzee akipapasa hewa kwa mguu.

"Kuna kizingiti, baba," alisema Atuganile, akimtazama usoni. "Taratibu. Inua."

Mzee akainua mguu.