Utarudi au Utakuja?

Mahojiano yalifanyika jikoni, maziwa yakikaribia kufurika. Mama wa nyumba alikuwa na kichanga cha miezi mitatu begani na karatasi yenye maswali kumi na mawili mkononi, na kila jibu lililompendeza aliliwekea alama ya vema. Unajua kuogesha kichanga? Una usingizi mzito? Unaogopa mbwa? Swali la tisa lilikuwa, una mtoto?

"Ninaye," akasema aliyekuja kuomba kazi ya uyaya. "Wa kike. Ana miaka minne."

"Mh. Na akianza kukulilia utaniacha njiani."

"Hatasumbua, mama. Yuko na bibi yake."

Vema ikawekwa, na maziwa yakafurika.

Tangu siku ile akaitwa Dada. Mama wa nyumba alimwita Dada, mume wake alimwita Dada, kichanga kilipopata ulimi kikamwita Dada, hata mlinzi wa getini, mzee wa kuweza kumzaa, alimwita Dada. Akawa dada wa jengo zima, na hapakuwa na aliyejua jina alilopewa na mama yake.

Kosa alilifanya mwenyewe, na alilifanya kwa mapenzi. Asubuhi ya kuondoka nyumbani kwao kuja mjini, mkoba ukiwa tayari begani, aliinama akamfunga binti yake vifungo vya gauni la njano, vifungo vitano vya mgongoni, akamwambia kwa utani kama mama yeyote anavyosema:

"Usikue kabla sijarudi, umesikia?"

Binti alikuwa mtoto msikivu. Alisema amesikia, na hakukua.

Mwaka wa kwanza bibi alidhani ni minyoo, akampa dawa. Mwaka wa pili muuguzi wa kliniki alichora uzito wake kwenye kadi, akaona mstari umenyooka kama umepigwa rula, akasifu jinsi kadi ilivyo safi. Ulipofika wakati wa shule, mwalimu mkuu aliangalia cheti cha kuzaliwa, akamwangalia mtoto, akamwambia bibi avilete tena vitakapolingana. Gauni la njano lilipauka lakini halikumbana. Meno ya utoto yalikaa yote mahali pake. Mtaani watu walizoea. Fundi cherehani ndiye aliyefaidi kuliko wote, kwa sababu kila aliposhona nguo ya mtoto wa miaka minne alimwita binti aje asimame mezani, naye alikuwa kipimo kisichodanganya.

Dada alipewa likizo ya siku tano kila mwaka. Alipotokea mlangoni na mkoba wake, binti aliacha mchezo, akaja kumkumbatia magoti, kisha akauliza:

"Mama, umekuja au umerudi?"

Dada hakujua kumdanganya. "Nimekuja, mwanangu."

"Haya," alisema binti, akaenda kumalizia mchezo.

Mwaka mmoja Dada alijaribu kuyafuta maneno yake. Alimkalisha mapajani, akamwambia, "Wewe kua tu, mama nimekuruhusu." Binti alifikiri. "Ulisema kabla hujarudi," akajibu, na alikuwa sahihi.

Kule mjini, mama wa nyumba alikuwa na karatasi nyingine, imebandikwa kwenye friji kwa sumaku, na juu yake imeandikwa Wakati wa Familia. Mayaya wa jengo walimwita Mama Ratiba, kwa chinichini. Kila Jumamosi ilikuwa na jambo lake: bwawa la kuogelea, onyesho la vikaragosi, hadithi kwenye maktaba ya watoto, bustani yenye garimoshi dogo linalozunguka dimbwi. Dada alikwenda kote huko, akiwa na begi la taulo, chupa za maji na suruali ya akiba. Picha alizipiga yeye, kwa hiyo katika albamu ya miaka sita hakuwemo, isipokuwa kidole gumba kimoja pembeni mwa onyesho la vikaragosi.

Habari za binti asiyekua Mama Ratiba alizisikia kwa mlinzi. Hakushangaa. Aliona wivu.

"Una bahati wewe," alimwambia Dada wakikunja nguo. "Huyu wangu anakua mbio, hata sifaidi. Ulimwambiaje?"

Dada akamweleza.

"Maneno hayo tu? Mimi nilishachelewa." Akatoa mfuko wa viatu vilivyomkataa mwanawe. "Mpelekee. Wengine ningewaambia vitawabana mwakani, lakini kwa wako ndivyo vya kudumu."

Mwana wa Mama Ratiba alipofika miaka sita, akaandikishwa shule ya kutwa nzima. Jumanne Mama Ratiba alisimama mbele ya friji, akasema, "Amekua sasa. Yaya wa nini tena? Wiki hii tumalize kwa heri."

Dada alipiga simu kwao kabla sufuria haijachemka. Aliomba apewe binti yake.

"Mwanangu, Jumamosi namaliza. Narudi."

Binti akauliza, "Unarudi?"

"Narudi."

Alhamisi bibi alipiga kusema gauni limepanda juu ya magoti. Ijumaa alipiga tena: viatu vinabana, kifungo cha juu hakifungi, na fundi cherehani amenuna. "Tunakufuata wenyewe huko," alisema. "Nataka aione hiyo bustani unayomsimulia kila mwaka."

Jumamosi wakakutana bustanini. Kwenye lango la garimoshi alisimama sungura wa mbao, na kifuani mwake mstari mwekundu wa mita moja. Asiyefika mstari hapandi. Mwenye filimbi, aliyekuwa mpimaji na dereva pia, alimsimamisha mwana wa Mama Ratiba, akampitisha. Akamsimamisha binti mwenye gauni la njano, akaweka kiganja kichwani pake.

"Vidole viwili juu," alisema. "Huyu apande. Simameni foleni."

Dada alikuwa hajawahi kusimama kwenye foleni ile na mkono wa mwanawe mkononi. Begi la taulo lilikuwa bado begani, lakini hakulisikia uzito. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu wake uliovimba ameunyoosha, anawatazama.

"Dada, kabla sijasahau," alisema Mama Ratiba, akimfunga mwanawe kamba za viatu. "Mdogo wangu amejifungua. Pacha, fikiria. Nimemwambia Jumatatu utakuwa kwake."

"Mama, lakini mimi narudi nyumbani."

"Si utakwenda, nani kakukataza? Waache wachangamke kwanza. Miaka mitatu, minne, unakwenda zako. Wewe si mtu wetu? Nimeshampa neno."

Dada aliangalia benchini. Bibi alikuwa amesikia. Hakutikisa kichwa wala hakukiinamisha. Aliuangalia mguu wake, ambao dawa yake ilifika kila mwisho wa mwezi kwa sababu mtu fulani alikuwa akiogesha mtoto wa mtu mwingine, kisha akauvuta chini ya benchi, kana kwamba ni wa kufichwa.

"Sawa, mama," alisema Dada.

Binti aliinua uso.

"Mama, utarudi au utakuja?"

Watu wanne walikuwa bado mbele yao. Filimbi ililia.

"Nitakuja, mwanangu."

"Haya," alisema binti.

Gauni la njano likashuka, likafunika magoti. Viatu vikalegea. Walipofika kwenye ngazi ya garimoshi, mwenye filimbi alimrudisha langoni kwa sungura, akaona nywele zake ziko chini ya mstari.

"Huyu alikuwa amefika," alisema.

"Alikuwa," alijibu Dada.

Mwenye filimbi aliangalia huku na huku, akashusha sauti. "Mwambie ainue visigino. Mimi sijaona kitu."

"Hawezi. Ni mtoto msikivu."

Mama Ratiba na mwanawe wakapanda. Alimpa Dada simu dirishani. "Tupige tukipita, sote tuonekane." Garimoshi lilizunguka dimbwi mara nne, na mara zote nne Dada akapiga picha, akihakikisha kidole gumba hakiingii. Binti aliwapungia mkono kila walipopita, na mwana naye akampungia.

Wakati wa kuagana bibi aliinuka kwenye benchi kwa kujishika.

"Fundi atafurahi," alisema. "Alishaanza kutafuta mtoto mwingine."

Dada aliinama nyuma ya binti yake, akafunga vifungo vya gauni. Vilifunga vyote vitano, hata cha juu. Alikaa kidogo na vidole juu ya kifungo kile, na safari hii hakumwambia mwanawe neno lolote.