Tuzo Iliyotangazwa Kabla ya Kuombwa

Mama mwenzangu, kama una mtoto chuo kikuu, soma haya yaliyompata Tryphena wa Voi, halafu uushike ulimi wako.

Binti yake Wakio alikuwa Nairobi akisomea digrii ya pili. Utafiti wake ulihusu mifereji ya zamani ya Mghange, kijiji cha ukoo wao milimani, jinsi koo zilivyogawana maji kwa zamu kabla mabomba hayajafika. Jumapili moja asubuhi alipiga simu. "Mama, maktaba ya chuo inatoa tuzo ya utafiti. Nataka kuomba. Mwisho ni Ijumaa jioni."

Tryphena alisikia tuzo, mengine yakapita. Tangu mtoto aondoke alikuwa hatulii, mara anawaza kama anakula, mara kama masomo hayo yote yatampa kazi. Sasa furaha ikampanda kichwani. Kanisani, wakati wa shukrani, akasimama. "Mungu ni mwema! Wakio wangu ameshinda tuzo ya chuo!"

Vigelegele vikapigwa. Jirani yake, Mama Abby, akamkumbatia. "Ubarikiwe, dada. Wangu hushinda kwenye simu tu."

Ya kanisani hayalali Voi. Kufikia Jumanne yalikuwa Mghange kwa Mzee Fanuel, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Tryphena. Ndiye aliyemtembeza Wakio kwenye mifereji na kumweleza habari zake, mtoto akimrekodi.

Jumatano Wakio akapiga tena, safari hii analia. Tuzo ile ilitaka kila mtu aliyerekodiwa akubali maneno yake yawekwe maktabani, yasomwe na yeyote. Alipompigia Baba Mkubwa, alijibiwa, "Mmeshashinda, mnanitafutia nini?" Simu ikakatwa.

"Mama, nani amemwambia nimeshinda?"

Tryphena akaihamisha simu sikio la pili.

"Mama?"

"Ni mimi."

"Bila Baba Mkubwa sina utafiti, Mama. Nina ramani tu."

Alhamisi Tryphena akapanda Mghange. Alimkuta mzee akimkatia ng'ombe majani.

"Karibu, mama wa mshindi."

"Shemeji, hakuna mshindi."

"Kanisa zima limepiga vigelegele! Mimi niliyempa mtoto maneno nimesikia kwa muuza ndizi."

"Nilidanganya. Hata kuomba hajaomba. Anangoja ruhusa yako."

Panga likatulia mkononi. "Ulidanganya kanisani, Tryphena?"

"Kanisani."

Mzee alijaribu kukaza uso, ukamshinda, akacheka mpaka ng'ombe akageuka kuangalia. Lakini kwetu Wadawida wa Taita hasira ya mkubwa haiishi kwa kicheko. Ikibaki kifuani humwandama mtoto, hata kama mwenyewe hamtakii mabaya. Ni lazima aitoe kwa mdomo, ateme maji huku akitamka kwamba imetoka. Huko ndiko kutasa. Njia nzima Tryphena, mtu wa kanisa, alikuwa amejiambia kwamba hilo hataliomba.

"Shemeji, naomba umfanyie mtoto kutasa," akasema.

"Kwanza nisikie alichoandika kwa jina langu."

Tryphena akampigia Wakio, akaishika simu katikati yake na mzee, binti akasoma. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa kukubali, mpaka wakafika kwenye fighi, msitu wa ukoo usiokatwa mti, ambamo chemchemi ya mfereji inaanzia. Wakio alikuwa ameeleza njia ya kuingia.

"Hapo ondoa. Wageni hatuwaonyeshi."

"Baba Mkubwa, mwalimu wangu amesema hapo ndipo pazuri kuliko pote."

"Najua ni pazuri. Ndiyo sababu nakwambia utoe."

Tryphena ulimi ulimwasha. Alitaka kusema, mwachie tu mtoto, nani wa huko Nairobi atapanda mpaka huku? Akalimeza neno lake. Ilimuuma kama kumeza mfupa.

"Naondoa," Wakio akasema polepole. "Mengine je?"

"Mengine ni yako. Wayasome."

Mzee akachukua kibuyu, akajaza maji mdomoni, akayatema kwa mnyunyizo kuelekea ile simu. "Kama nilikuwa na hasira, imetoka. Mtoto wetu aende vizuri." Tryphena akaifuta simu kwa leso, haraka haraka, isije ikaharibika.

Ijumaa Wakio alituma maombi. Majibu yalipotoka, tuzo hakuipata. Waamuzi waliandika kwamba kazi ni nzuri, ila sehemu ya chanzo cha maji ni fupi mno. Mtoto alilia kidogo, mama akalia zaidi. Na ukitaka kujua aibu, muulize mwanamke anayeulizwa na kina mama wenzake sherehe ni lini.

Tryphena alimpigia shemeji yake ampe habari mwenyewe, kabla hajaisikia kwa muuza ndizi. Mzee akamtaka arudie maneno ya waamuzi.

"Kwa hiyo walitaka njia ya msitu, naye hakuwapa?"

"Hakuwapa."

"Mwambie aje Desemba. Kuna mfereji mwingine sikumwonyesha. Nilikuwa bado namwangalia ni mtu wa namna gani."