Kona ya Chini ya Karatasi ya Tatu

"Hivi jirani, huyo mumeo miaka yote anachora majumba ya watu, mbona la kwake hatulioni?"

Aliyeuliza alikuwa mshona nguo wa chumba cha pili, mwanamke asiye na breki mdomoni, na aliuliza akiwa na pini tatu kati ya meno. Siku hizo mume alikuwa bado hai. Bi Kucha alikuwa anaanika nguo. Alijichekesha akajibu, "Lipo, shoga, ila liko mbali." Wakacheka wote wawili. Lakini aliporudi ndani aliketi kitandani akaitazama mikono yake hadi chai ikapoa.

Jumba lilikuwepo kweli. Lilikuwa ukumbi wa mikutano katika nchi ya mbali, wenye paa lililoinuka katikati kama kitambaa kilichonyanyuliwa kwa ncha za vidole. Watu walipanga foleni kupiga picha mbele yake. Paa hilo alilibuni mume wa Bi Kucha, fundi mchoraji asiye na cheti, katika wiki tatu ambazo bosi wake alikuwa amelazwa hospitali. Ila jiwe la mlangoni liliandikwa jina la bosi peke yake.

Bosi huyo waliyemwita Mzee Rula, kwa vile alivyonyooka mgongo na maneno, alianzisha kampuni katika vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Walikuwa watu kumi na wawili tu. Meza ziliinama, joto lilikuwa la kukaanga mtu, na kila mmoja aliweka kitambaa chini ya mkono ili jasho lisiloweshe karatasi. Bi Kucha alikuwa wa chumba cha kunakili. Kazi yake ilikuwa kupitisha wino juu ya michoro ya wengine, kwenye karatasi laini inayopitisha mwanga. Mtu akikosea mstari, haukufutwa. Ulikwanguliwa kwa wembe, taratibu, unyoya kwa unyoya. Tabu ni kwamba karatasi iliyokwanguliwa hunywa wino na mstari mpya husambaa kama damu kwenye pamba. Yeye peke yake ndiye aliyejua kupalainisha mahali hapo kwa mgongo wa ukucha, hata wino ukakaa kimya. Ndipo wakambandika jina la Bi Kucha, na likamganda.

Ukumbi ule ndio uliowatoa juu ya duka la vitambaa. Baada ya kampuni kushinda shindano la kuubuni, kazi zilimiminika. Sasa kampuni ina ofisi katika nchi kumi na tisa. Wafanyakazi wa mji mmoja wakienda kulala, wenzao wa mji mwingine wanaamka na kuendelea na mchoro uleule pale ulipoachwa. Mume hakuyaona yote hayo. Alifia hospitali, akiwa mchoraji yuleyule wa meza ileile, mpole kama maji ya mtungini.

Mwana wao wa pekee alisoma, akawa msanifu wa majengo, akaajiriwa hapohapo. Hakuficha kilichompeleka. Alitaka jina la baba yake lirudi. Na mwaka ule, kampuni ikitimiza miaka hamsini, ilikuwa inaandaa kitabu cha historia yake.

Jioni moja aliingia kwa mama yake bila hata kuvua viatu.

"Mama, nimeipata!"

"Kwanza salamu. Umepata nini?"

"Shikamoo. Karatasi ya tatu, mchoro wa paa. Ilikuwa kwenye makabati ya zamani. Kona ya chini, pale panapoandikwa aliyechora, pamekwanguliwa. Ukiiinua kwenye mwanga unapaona kabisa, kama kovu. Yule mzee alimparua baba jina kama anaparua samaki!"

"Usimtukane marehemu."

"Wewe nawe! Mbona baba hukuwahi kumtetea hivyo?"

Neno lile lilimchoma, akainama kutafuta kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka.

Mwana akaendelea kwa furaha. Mkurugenzi wa sasa, binti wa Mzee Rula, amekubali. Akipatikana mtu aliyekuwa ofisini siku zile athibitishe, jina la baba litachapishwa kitabuni, la kwanza kabisa chini ya picha ya ukumbi. "Na umebaki wewe tu, Mama. Wenzako wote wametangulia."

"Nitakwenda," alisema Bi Kucha.

Siku tatu alikaa na Mungu wake. Hakumwomba amwonyeshe la kufanya, maana hilo alilijua. Alimwomba nguvu, na kila alipofumba macho ulimjia mchana ule.

Mchana ule michoro ilikuwa tayari kufungwa isafirishwe. Mzee Rula, ametoka hospitali akiwa na bandeji, alifika mezani kwa Bi Kucha. Alisema shindano linataka jina la msanifu mwenye cheti, na kwamba mambo ya jina la mchoraji atayaweka sawa baadaye. "Mkono wako ndio mwepesi kuliko yote hapa, binti." Mumewe alikuwa ametumwa kununua kamba ya kufungia. Bi Kucha angeweza kusema ngoja arudi. Angeweza kusema hapana. Alichukua wembe. Na kilichomuuma miaka yote si woga, maana hakuogopa. Alifurahi kusifiwa. Alilikwangua jina la mumewe kwa makini, akapalainisha kwa ukucha, akaandika herufi za jina la Mzee Rula, na wino haukusambaa hata kidogo.

Hiyo baadaye haikuja.

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa ghorofa ya juu, kuta zote vioo. Karatasi ya tatu ilikuwa imelazwa juu ya meza yenye taa chini yake. Kwenye kona ya chini, nyuma ya herufi za Mzee Rula, kovu lilikuwa jeupe, dogo kuliko alivyolikumbuka.

"Shikamoo mama, karibu," alisema mkurugenzi. Alikuwa na mgongo wa baba yake. "Sitakuzungusha. Hapa palikuwa na jina la nani?"

"La mume wangu. Paa lote ni lake, kuanzia mstari wa kwanza."

Mwana alipumua kwa nguvu, akamshika mama bega.

"Na baba yangu alilikwangua? Ulimwona kwa macho yako?"

Ndiyo moja tu ilitosha. Mzee Rula alikuwa kaburini, asingebisha. Jina lingechapishwa, na mkono ule ungebaki begani. Bi Kucha aliutazama mkono wa mwanawe, wenye vidole virefu kama vya baba yake.

"Hapana," alisema. "Baba yako aliagiza. Aliyekwangua ni mimi."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini.

"Mama, unasema nini?" mwana aliuliza, sauti imepanda. "Alikutisha? Sema alikutisha!"

"Hakunitisha, mwanangu. Aliniambia nina mkono mwepesi."

"Basi?"

"Basi."

Mkono uliondoka begani. Mkurugenzi alikohoa, akasema kwa upole kwamba ushahidi umetosha, tena kuliko alivyotarajia, na kwamba jina la marehemu litaingia kitabuni, yeye mwenyewe atahakikisha. Bi Kucha alimshukuru. Mwana hakuonekana kusikia. Alikuwa ameinamia meza ile ya mwanga, akipitisha kidole juu ya kovu, taratibu, akitafuta mkwaruzo asioupata.

"Baba alijua?"

Swali hili ndilo alilokuwa akiliogopa, kuliko lile la mkurugenzi.

"Sijui. Ile michoro iliporudi kutoka kwenye shindano, aliiinua hii dirishani, akaitazama sana. Akasema, 'Aliyekwangua hapa ana mkono mzuri.' Halafu akaniomba maji ya kunywa."

"Na wewe?"

"Nikampa maji."

"Hukumwambia kitu? Miaka yote ile, chumba kimoja, kitanda kimoja?"

"Kila siku nilisema kesho, mwanangu. Hata pale hospitali nilisema kesho."

Mwana alizima taa ya meza. Akachukua koti lake kwenye kiti, akalivaa mkono mmoja, wa pili ukamshinda, akaliacha likining'inia. Mama alinyoosha mkono amsaidie. Mwana alimpita, akafungua mlango wa kioo, akatoka.